SI MAWE TU: SIKU CHAMA CHETU KILIPOZURU GEDE

Wahenga hawakukosea waliposema kutembea kwingi ni kuona mengi. Hata hivyo, yako macho ambayo hutembea yasione kitu. Mtu anaweza kuizunguka Kenya nzima, kutoka Moyale hadi Vanga, akarejea nyumbani na picha mia moja katika simu lakini asiwe na neno hata moja la kumsimulia nyanya yake. Mpenzi msomaji, katibu wa chama chetu alikwisha kuandika ripoti ya ziara yetu ya Gede, na imebandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na maktaba. Humo utapata saa tuliyoondoka, idadi ya mikate tuliyokula na jina la aliyetapika basini. Mimi nimeshika kalamu kwa sababu nyingine. Tangu nirudi nimekuwa nikijiuliza swali moja: je, mahali palipohifadhiwa kwa sababu ya miti yake na magofu yake panaweza pia kuwa mahali pa watu kujiburudisha? Ama burudani na hifadhi ni paka na panya?

Mgogoro wenyewe ulianza hata kabla hatujafunga safari. Katika mkutano wa muhula wa pili, mwaka wa 2025, mwalimu mlezi wa chama alituarifu kwamba ziara ya mwaka huo ingekuwa ya Gede, katika Kaunti ya Kilifi. Ukumbi ulinung'unika kama mzinga wa nyuki uliotupiwa jiwe. Mwanachama mmoja wa kidato cha tatu, bingwa wetu wa mijadala, akasimama.

"Mwalimu, tuseme tu ukweli," alisema. "Tutoke hapa Ukambani mpaka Pwani, tuwe karibu na bahari hivi, halafu tupelekwe kuangalia mawe? Mawe hata hapa nyuma ya bweni yako. Gede kuna nini ya kuona?"

Vicheko nusura vipasue paa. Mwalimu hakukasirika. Alingoja tutulie, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Asubuhi mawe, jioni mawimbi. Watamu na Gede ni pua na mdomo." Basi hoja ikapita, ingawa bingwa wetu alikunja uso kama aliyelambishwa shubiri.

Nyumbani kwetu pesa haziokotwi. Mama huuza mboga na maembe sokoni, na mchango wangu wa safari aliutoa kwa noti za shilingi hamsini hamsini zilizofungwa kwenye pindo la leso. Aliponikabidhi aliniambia, "Hii ni mboga ya wiki tatu. Usiende ukalale kwa basi." Maneno hayo yalinikaa rohoni safari nzima. Wenzangu waliposinzia mimi nilikodoa macho kama bundi.

Tuling'oa nanga alfajiri na mapema, majogoo wakiwika. Mtito Andei tukaipita, Voi tukaipita, Mariakani tukaipita, na jioni tukavuka Mombasa na kushika njia ya kaskazini. Kwa kuwa basi la shule halisafiri usiku, tulilala katika shule moja mjini Kilifi, tukatandikiwa magodoro katika bwalo la chakula. Joto la huko, acha tu! Sisi watu wa bara tulitokwa na jasho kana kwamba tumekimbizwa na fahali. Asubuhi yake barabara ilitupitisha kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa zaidi ya kilomita 400 za mraba. Ilipofika majira ya saa mbili na nusu tulikata kona kulia, na huyo dereva akazima injini. Tulikuwa Gede, kama kilomita 16 kabla ya kufika Malindi.

Langoni tulipokewa na mzee mmoja mwembamba aliyevaa kofia, mtembezaji wa wageni.

"Shikamoo, mzee!" tulipaza sauti sote kwa pamoja, kwani nani asiyejua kwamba Pwani Kiswahili kina wenyewe?

"Marahaba, wanangu," akaitika huku akitabasamu. "Karibuni mjini."

Tukatazamana. Mji uko wapi? Mbele yetu palikuwa na msitu tu, tena mnene. Lakini tulipopiga hatua chache ndani, lile joto lililokuwa likitusulubu lilikatika ghafla. Hewa ilikuwa baridi na yenye harufu ya majani makavu. Mibuyu minene ilisimama kama walinzi, kima wakarukaruka juu ya matawi huku wakituchungulia, na vipepeo wakatupita usoni bila woga. Ndipo kuta zikaanza kujitokeza moja moja katikati ya miti. Mara tao la mlango, mara kisima, mara nguzo ya kaburi iliyosimama wima. Nywele zilinisimama. Kweli tulikuwa mjini, ila wenyeji walikuwa wametoka.

Mzee alitueleza kwamba Gede ulikuwa mji wa Waswahili ulioanza yapata karne ya 12, ukastawi sana katika karne ya 15, na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Ulikuwa na kuta mbili, ya nje na ya ndani, na ile ya nje ilizunguka eneo la ekari 45 hivi. Wataalamu hukadiria kwamba watu wapatao 2,500 waliishi humo. Tuliona Msikiti Mkuu wenye mkuki uliochongwa juu ya mlango wake mmoja. Tuliingia kwenye kasri lenye nyua na vyumba vingi. Tulipofika kwenye choo cha nyumba moja, msichana mmoja wa kidato cha pili hakuweza kujizuia. "Choo ndani ya nyumba, karne ya 15! Na sisi usiku tunatafutana na tochi!" Tulicheka hadi mbavu zikauma, lakini ukweli wenyewe ulikuwa umetuingia.

Nyumba za huko zimepewa majina kulingana na vitu vilivyofukuliwa ndani yake. Iko Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, na hata ile iliyopatikana sarafu za Kichina. Katika jumba dogo la makumbusho tuliona vigae vya vyombo vya kaure kutoka Uchina pamoja na shanga. Hebu fikiri, ndugu msomaji: Waafrika wenzetu walikuwa wakila katika sahani zilizovuka bahari nzima kutoka Uchina, na vitabu vingi tulivyosoma vikatuambia kwamba biashara ililetwa na mzungu! Kaburi moja lina tarehe iliyochongwa kwenye jiwe, mwaka wa 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Nilipiga hesabu kwa vidole. Ni miaka 99 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi mwaka wa 1498.

Jambo la ajabu ni kwamba Wareno walikaa Malindi kwa miaka mingi, hatua chache tu kutoka hapo, lakini mji huu hawakuutaja kwa jina hilo katika maandishi yao. Msitu uliumeza baada ya wenyewe kuondoka. John Kirk, mwakilishi wa Uingereza kule Zanzibar, aliyazuru magofu mwaka wa 1884, na mwanaakiolojia James Kirkman akayafukua kuanzia 1948 hadi 1958. Nilimtupia jicho bingwa wetu wa mijadala. Alikuwa kimya kama maji mtungini, akipapasa ukuta kwa kidole.

Sasa nifike kwenye yale yaliyonifanya nikose usingizi. La kwanza ni mti. Tuliukuta mti mkubwa uliomea juu ya ukuta, mizizi yake imeushika ukuta kwa pande zote mbili mfano wa vidole vya mkono. Nikamuuliza mzee, "Mbona hamuukati? Si utaangusha ukuta?"

"Mwanangu," alinijibu, "hapa ukuta una haki yake, na mti nao una haki yake. Mizizi ikianza kupasua jengo, mti hukatwa. Lakini kuna mti mwingine, huo ndio waushikilia ukuta usianguke, na ukiung'oa utaondoka na nyumba nzima. Tena kivuli hiki mnachokifurahia chazuia jua na mvua kuzipiga kuta. Kila mti una kesi yake."

Sijawahi kusikia jibu la hekima kama hilo. Mimi nilidhani kuhifadhi ni kupiga marufuku tu: usiguse, usikanyage, usipite. Kumbe ni kazi ya hakimu anayesikiliza kesi kila siku! Gede panahifadhiwa kwa yote mawili. Ndani ya vichaka vile, na katika msitu wa Arabuko-Sokoke, anaishi sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu ambaye huwezi kumpata ila katika sehemu chache za pwani yetu. Ukifyeka msitu ili magofu yaonekane vizuri, umemfukuza sange. Ukiacha kila mti umee utakavyo, baada ya miaka huna magofu. Na katikati ya kesi hiyo tunaingia sisi wageni, watu arobaini na kitu wenye viatu vizito na kelele.

La pili lilihusu mmoja wetu, ambaye sitamtaja jina asije akaninunia bwenini. Katika chumba kimoja tuliona mikwaruzo kwenye lipu ya kale: herufi mbili na moyo uliochomwa mshale. Wageni fulani waliotutangulia walikuwa wameamua kutangaza mapenzi yao mahali pasipo pao. Mwenzetu naye, kufumba na kufumbua, alichomoa bikari mfukoni na kuinua mkono. Moyo ulinipiga paa! Kabla hajagusa ukuta, mzee alikuwa ameshamshika mkono, polepole, bila kumfokea. Akaukunjua, akauweka wazi juu ya lipu ile.

"Wausikia ulivyo laini?" akamwuliza.

"Naam, mzee."

"Walichukua matumbawe ya bahari, wakayachoma kwa kuni mpaka yakawa chokaa. Wakaikanda, wakaipaka, wakailainisha kwa mikono. Yapata miaka mia tano imekaa hapa. Bikari yako yataka dakika moja." Kisha akamtazama machoni. "Fundi aliyeipaka hakuandika jina lake. Wewe hapa umejenga nini, hata uandike lako?"

Chumba kizima kilizizima. Mwenzetu alirudisha bikari mfukoni na kuinamisha kichwa. Mzee alimpiga begani kwa upole na kuendelea na safari kana kwamba hakujatokea neno. Nami nakwambia, viboko kumi vya kale visingefanya kazi iliyofanywa na swali lile.

Baadaye mwalimu alitueleza kwamba uharibifu huo haukuanza na vijana wa leo. Gede palitangazwa kuwa mahali pa kihistoria mwaka wa 1927, lakini watu walikuwa wakibandua vyombo vya kaure vilivyopambia majengo na kwenda navyo. Kwa hivyo mwaka wa 1929 ulinzi ukaongezwa. Siku hizi iko Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka wa 2006, na anayeharibu mahali kama hapa anaweza kufikishwa mahakamani. Lakini mlinzi hawezi kusimama kwenye kila ukuta. Mlinzi wa kweli ni yule anayekaa ndani ya kifua cha mgeni mwenyewe.

La tatu, na ndilo lililonichoma zaidi, ni kisima. Mji ulihamwa kwa nini? Mzee alituhesabia sababu wanazozitaja wataalamu: mashambulizi ya Wazimba waliopita pwani mwaka wa 1589, mtawala wa Malindi kuhamia Mombasa mwaka wa 1593, kusonga kwa Waoromo kutoka kaskazini, na kupungua kwa maji ardhini. Akatupeleka kwenye kisima kirefu karibu na Msikiti Mkuu. "Hiki chaonyesha kiliongezwa kina," alisema. "Maji yalikuwa yakiwakimbia, nao wakiyafuata chini."

Wenzangu waliinama kuchungulia na kutupia sauti zao humo ndani ili zirudi. Mimi nilirudi nyuma hatua mbili. Nilikuwa nimekiona kisima hicho tayari, ingawa sikuwahi kufika Pwani maishani mwangu. Kwetu hatuna mto wa maji. Tuna mto wa mchanga. Wakati wa kiangazi watu huchimba shimo mchangani, maji yakajitokeza taratibu, yakachotwa kwa kibuyu. Nilipokuwa darasa la pili, nyanya alikuwa akipiga magoti tu na kuchota. Siku hizi mchimbaji huingia shimoni mpaka kichwa kisionekane, na mwenzake humpokelea ndoo kwa kamba. Malori huja usiku kusomba mchanga wa kujengea majumba ya mijini, na mchanga ukiisha, kitu cha kuyahifadhi maji hakipo tena. Wazee wamelalamika hadi wamechoka. Sisi nasi tunayafuata maji chini.

Mji uliokuwa na kaure za Uchina na vyoo ndani ya nyumba ulihamwa, na huenda kiu ilikuwa miongoni mwa maadui zake. Sisi wenye madebe na punda tutasalimika vipi? Hilo ndilo swali nililorudi nalo nyumbani. Nilimsimulia nyanya habari za kisima cha Gede jioni moja tukichambua kunde. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na hao watu walipoona maji yanapungua, walikaa kikao?" Sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata nilisikia kwamba amekwenda kwenye baraza la chifu, kiti chake cha miguu mitatu mkononi, na hakuondoka hadi habari ya malori ilipozungumzwa. Sijui mwisho wake utakuwa nini. Ila najua kwamba mama alipata thamani ya mboga zake za wiki tatu.

Usidhani, msomaji, kwamba siku yetu ilikuwa ya huzuni tupu. La hasha! Saa sita tulitoka nje ya magofu kwenda kula kivulini. Chapati, mayai ya kuchemsha na soda viliandaliwa. Kiranja wetu, mtu wa heshima zake, alisimama kutoa neno la shukrani huku ameinua chapati kama kipaza sauti. Kabla hajafika kwenye "kwa niaba ya", kima mkubwa alishuka kama umeme, akainyakua chapati na kupanda nayo mtini. Huko juu aliikunja vizuri na kuila huku akimtazama kiranja. Tuligaragara kwa kicheko. Mzee naye alicheka, kisha akatufunza. Kima huyo hakuzaliwa mwizi, alisema. Wageni huwapa ndizi ili wapige nao picha, nao wakazoea mkono wa binadamu. Siku mgeni akija bila ndizi, mnyama huona amedhulumiwa, akanyang'anya au akauma mtoto. Halafu lawama humwendea nani? Kima!

Hapo hapo Gede tulitembelea mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka wa 1993. Wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi kwa majani ya miti ya huko hadi wawe mabuu yaliyojifungia, kisha mabuu hayo husafirishwa kwenda kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Mkulima anayepata ada ya shule kutokana na kipepeo hahitaji kuhubiriwa asikate mti, kwani kipepeo bila mti wake hapatikani. Nilipata pale jibu la nusu ya swali langu. Hifadhi hudumu pale jirani wa hifadhi anapokula matunda yake. Jirani mwenye njaa ni kama ukuta wenye ufa, na wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nusu ya pili niliipata Watamu. Mwalimu alitimiza ahadi yake, na saa tisa tulikuwa ufuoni. Ee Mola, bahari ni kubwa! Tulikimbia, tukarushiana maji, wasiojua kuogelea tukajikaza kisabuni kwenye maji ya magotini. Sehemu hiyo ya bahari nayo ni hifadhi, Mbuga ya Bahari ya Watamu, iliyotengwa mwaka wa 1968 ili kulinda matumbawe na samaki wake. Maji yalikuwa yamekupwa, na miamba ikaonekana. Nilimkuta bingwa wetu wa mijadala amechuchumaa peke yake, akiutazama mwamba wenye vijitundu vidogo vidogo.

"Wewe, huogi?" nikamwuliza.

"Ebu angalia," akasema. "Kumbe ni hii hii. Zile kuta zote zilitoka baharini. Walijenga mji na bahari."

Nilitaka kumkumbusha maneno yake ya ukumbini, nikaona haya. Mtu aliyeona jambo kwa macho yake hahitaji kusutwa. Asingefika ufuoni asingeuelewa ukuta, na asingeuona ukuta kwanza, mwamba ule angeukanyaga tu apite. Burudani ilimfunza kilichomshinda mwalimu kukifunza kwa chaki. Kwa hivyo mimi nasema burudani na hifadhi si paka na panya. Watu hawalindi wasichokipenda, na hawapendi wasichokijua. Anayewafungia vijana nje ya mahali kama Gede ili pasiharibike, anawakuza watu wazima ambao siku moja wataambiwa pajengwe maduka na hawatainua hata mkono kupinga. Lakini anayewafungulia mlango bila mafunzo, anaukabidhi ukuta kwa bikari.

Mwezi wa Julai 2024, shirika la UNESCO liliuingiza mji wa kale wa Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ni mahali pa nane pa Kenya katika orodha hiyo. Ni fahari kubwa, na bila shaka wageni watazidi kumiminika. Maana yake ni kwamba viatu vitaongezeka, ndizi zitaongezeka, na wenye kutaka kuandika majina yao wataongezeka pia. Ndipo nikaona ni vyema nikuachie mawaidha machache, wewe utakayezuru baada yetu.

Kwanza, soma kabla hujaenda. Atakayeingia Gede bila kujua chochote ataona mawe, na hatakuwa amesema uongo. Pili, mkodi mtembezaji wa hapo hapo. Anajua mti upi una kesi gani, na ujira wake hulisha familia inayopakana na msitu. Tatu, fuata njia zilizotengwa, usipande juu ya kuta hata kama picha itakuwa nzuri namna gani, na usiokote kigae chochote. Kigae kikiwa ardhini humwambia mtaalamu nani aliishi pale na lini. Kikiwa mfukoni mwako ni kipande cha sahani iliyovunjika. Nne, usimlishe kima, na takataka zako rudi nazo. Tano, kumbuka kwamba mle mna makaburi na misikiti. Cheka, furahi, lakini cheka kama mtu aliye ugenini kwa watu wazima.

La mwisho ni kwa wale watakaosema Pwani ni mbali na nauli ni ghali. Huhitaji kufika Gede. Jirani zetu wa Nakuru wana Hyrax Hill, na walio karibu na Gilgil wana Kariandusi. Wa Migori wana Thimlich Ohinga, boma la mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, nalo liliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2018. Wa Nairobi wana Olorgesailie kwenye njia ya Magadi, ambako mashoka ya mawe ya watu wa kale sana yamelala yalipoachwa. Kilifi penyewe pana Mnarani, na Mtwapa pana Jumba la Mtwana. Na hata kama kwenu hakuna ubao wala lango, kuna mzee anayejua kilima fulani kinaitwaje na kwa nini, au kisima fulani kilichimbwa na nani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mali hii ni sisi wanafunzi. Chama chetu kimeamua kwamba likizo ijayo kila mwanachama atarudi na habari za mahali pamoja pa kale kijijini kwao, zilizoandikwa kwa Kiswahili sanifu, kurasa mbili zisizopungua. Mimi nimeshaanza zangu. Ninaandika kuhusu mto wetu wa mchanga, na nyanya ndiye mtembezaji wangu.